Smerdyakov hakuzaliwa shetani: namjibu mwenzangu wa darasa kuhusu Ndugu Karamazov

Wakuu, habari zenu.

Darasani kwetu tuko kwenye Ndugu Karamazov, riwaya ya mwisho ya Fyodor Dostoevsky, iliyotoka kwa vipande katika jarida la Russky Vestnik kuanzia 1879 hadi 1880, miezi michache tu kabla mwandishi hajafariki mwanzoni mwa 1881. Mwenzangu mmoja ameandika uchambuzi wa mhusika mwovu wa kitabu hiki, Pavel Smerdyakov, na ameuandika vizuri kweli. Hoja zake ni tatu. Kwamba Smerdyakov alikuwa mwovu tangu utotoni. Kwamba hana fikra zake, anabeba tu za Ivan. Na kwamba Dostoevsky alimweka pale awe shetani wa hadithi ili wale ndugu watatu wapate kung'ara. Mwenzangu yumo humu na ameniruhusu nimjibu hadharani. Dada, nakuheshimu sana, lakini hapa sikubaliani nawe hata kidogo.

Tahadhari kwa ambao hamjakimaliza kitabu: nitataja kila kitu, hadi mwisho.

Kwa kifupi: Fyodor Pavlovich Karamazov ni kabaila mlevi na mfuska wa mji mdogo wa Urusi. Ana wana watatu wa ndoa: Dmitri wa mke wa kwanza, Ivan na Alyosha wa mke wa pili. Jikoni kwake kuna mpishi kijana mwenye kifafa, ambaye mji mzima unanong'ona kwamba naye ni damu ya mzee. Usiku mmoja mzee anauawa, rubli 3,000 zinatoweka, na Dmitri anahukumiwa kwa kumuua baba yake. Muuaji ni mpishi.

Nianze na utoto, maana ndipo ulipoanzia.

Umemtaja yule mtoto anayenyonga paka, kisha anajifunika shuka kama joho la padri na kuwafanyia ibada ya mazishi. Yamo, siyapingi, na yanatisha. Lakini umeyachukua peke yake ukaacha yaliyotangulia na yaliyofuata. Mama yake, Lizaveta, alikuwa mwanamke asiye na akili timamu, hajui kusema zaidi ya kuguna, analala popote, na mji umembandika jina la uvundo. Usiku wa uchungu alipanda ukuta wa bustani ya Fyodor Pavlovich, akajifungulia kwenye kibanda cha kuogea, na kulipopambazuka akafa. Grigory, mtumishi mzee wa nyumba, na mkewe Marfa ndio kwanza walikuwa wametoka kumzika mtoto wao wa pekee, aliyezaliwa na vidole sita. Wakakiokota kile kichanga wakakilea. Na jina la ukoo? Mzee Fyodor Pavlovich ndiye aliyelitunga, kutokana na lile jina la mitaani la mama. Yaani kijana huyu kila anapoitwa, mama yake anatukanwa upya.

Sasa rudi kwenye paka. Grigory alipomfumania alimchapa viboko vikali, na mtoto akajikunyata pembeni wiki nzima akimtazama kwa chini ya macho. Baadaye Grigory akamwambia usoni kwamba yeye si binadamu, ameota kwenye unyevu wa bafu. Msimulizi anasema wazi kwamba maneno hayo Smerdyakov hakuyasamehe kamwe. Hiyo sentensi dada umeipita, na kwangu ndiyo ufunguo wa mtu huyu. Mlezi wake wa pekee alimwambia kwamba hayumo katika watu. Wala si maneno ya hasira tu: yanamrudisha kwenye kile kibanda alikozaliwa, kwenye sakafu alikofia mama yake.

Halafu lile kofi. Ana miaka kama 12, Grigory anamfundisha Maandiko. Mtoto anatabasamu na kuuliza: Mungu aliumba nuru siku ya kwanza, na jua, mwezi na nyota siku ya nne, je, ile nuru ya siku ya kwanza ilitoka wapi? Swali zuri kabisa. Watoto wa madrasa na wa shule ya Jumapili wameliuliza kila mahali. Jibu alilopata ni kofi la shavu. Akaenda tena pembeni akakaa kimya siku kadhaa, na wiki moja baadaye kifafa kikamwangusha kwa mara ya kwanza. Dostoevsky, ambaye mwenyewe aliishi na kifafa, na ambaye Mei 1878 alimzika mwanawe mdogo kwa ugonjwa huohuo, hakuweka wiki moja kati ya kofi na kifafa kwa bahati mbaya. Yule mwanawe aliitwa Alyosha. Tafakari jambo hilo: jina la marehemu alimpa mhusika mwema kuliko wote, na ugonjwa uliomuua akampa muuaji. Mtu anayemchukulia mhusika wake kuwa shetani mtupu hampi kitu cha thamani namna hiyo.

Kuna kofi jingine ndani ya kitabu, na linganisha. Mzee Zosima, mtawa anayemlea Alyosha kiroho, anasimulia ujana wake jeshini. Usiku wa kuamkia pambano la bastola alimpiga usoni mtumishi wake Afanasy hadi damu. Asubuhi dhamiri ikamkaba, akaenda akapiga magoti mbele ya yule mtumishi, paji la uso hadi chini, akaomba msamaha. Maisha yake yote yakageuka kuanzia hapo. Katika mafundisho yake kuna hata sehemu nzima inayouliza kama mabwana na watumishi wanaweza kuwa ndugu kiroho. Sasa niambie, nani aliwahi kupiga magoti mbele ya Smerdyakov?

---

MWENDELEZO: hoja ya pili, kwamba hana akili yake

Hapa ndipo uchambuzi wako ulipoyumba zaidi. Umechukua maneno ya Smerdyakov mwenyewe anapomwambia Ivan kwamba muuaji mkuu ni wewe, mimi nilikuwa mtumishi wako tu, nilitekeleza neno lako. Umeyachukua kama ukweli wa kitabu. Lakini hayo ni maneno ya muuaji siku ya kukiri, mbele ya mtu anayetaka kumuumiza. Hakuna mahakama inayoyapokea bila kuyachuja.

Angalia alichokuwa nacho kabla Ivan hajarudi nyumbani. Lile swali la nuru, lake. Mzee alipompa asome hadithi za Gogol, hakucheka, akasema zote ni uongo. Alipelekwa Moscow kusomea upishi akarudi ana uso wa njano uliozeeka kabla ya wakati, nadhifu kupita kiasi, mshahara unaishia kwenye nguo na mafuta ya nywele. Mzee alipoangusha noti tatu za rubli mia mia uani, amelewa, kesho yake akazikuta mezani: Smerdyakov ameziokota na kuzirudisha. Ndiyo maana mzee alimwamini, na imani hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango usiku wa mauaji.

Na ule mjadala wa mezani. Habari imeletwa ya askari Mrusi aliyetekwa Asia akachunwa ngozi akiwa hai kwa kukataa kuikana dini yake. Kisa hicho ni cha kweli, askari aliitwa Foma Danilov, na Dostoevsky aliwahi kuandika juu yake mwaka 1877. Smerdyakov, amesimama mlangoni kama mtumishi, anatoa hoja: mtu akiwaza tu kukana, papo hapo amekwisha kutoka katika Ukristo, basi akitamka kwa mdomo anamkana nani? Mtu asiye Mkristo haulizwi kwa nini si Mkristo. Unaweza kuichukia hoja hiyo, lakini imejengwa hatua kwa hatua kama ya wakili. Mzee anacheka na kumwita punda wa Balaamu. Tena mnyama.

Jambo ambalo Ivan alimpa ni ruhusa. Ile kauli kwamba kama hakuna kutokufa kwa roho basi yote yanaruhusiwa, kijana aliisikia akaishika. Sababu ya kuua alikuwa nayo tangu bafuni.

Tena Ivan hakuwa bubu katika jambo hili. Someni upya mazungumzo ya pale langoni. Smerdyakov anamweleza kila kitu kwa kuzunguka: kesho huenda nikaangukia stoo ya chini kwa kifafa, Grigory atakuwa amekunywa dawa yake ya pombe na mizizi atalala fofofo na mkewe, Dmitri anazijua zile hodi za siri za dirishani, nawe ungeenda Chermashnya, kijiji kingine cha baba yako. Ivan anakasirika, anataka kumpiga, hampigi. Usiku anatoka kwenye ngazi kusikiliza baba yake anavyotembea chini, na baadaye atakiita kitendo hicho kuwa cha aibu kuliko vyote maishani mwake. Asubuhi anapanda gari la farasi, na akiwa amekwisha kaa anamwambia mtumishi: unaona, naenda Chermashnya. Smerdyakov anamjibu kwamba ni kweli wanavyosema, kuongea na mtu mwenye akili kunapendeza. Hata Chermashnya hakwenda, alipanda treni kwenda Moscow. Lakini alishasema alichosema.

---

Kwa mkuu aliyeandika kwamba "unamtetea muuaji"

Hapana, na nashukuru umeuliza mapema. Ninachokipinga ni kumfanya pepo, kwa sababu pepo hana hatia. Anayehukumiwa ni mtu.

Mauaji yenyewe ameyasimulia bila kupepesa. Alimshawishi mzee afungue mlango kwa kumwambia kwamba Grushenka, mwanamke ambaye mzee na Dmitri walikuwa wakimgombania, amekuja, akamwelekeza achungulie dirishani, akashika kile chuma kizito kilichokuwa kikikandamiza karatasi mezani, akampiga utosini mara tatu. Akakifuta damu akakirudisha mahali pake. Akachukua pesa nyuma ya sanamu za watakatifu, akaichana bahasha na kuitupa sakafuni pamoja na utepe wake, kwa hesabu kwamba mwizi aliyeizoea nyumba angeondoka nayo nzima bila kuifungua, ila Dmitri mwenye papara angeichana palepale ahakikishe. Kisha akamwachia mwendesha mashtaka wazo hilo kijanja, hadi yule mkubwa akaamini amelifikiria mwenyewe. Pesa zikalala kwenye uwazi wa mti wa tufaha zaidi ya wiki mbili. Huyu ni mtu anayejua anachofanya kila dakika.

Na kwangu kuna kosa jingine linaloniuma karibu sawa na hilo, ingawa wachambuzi wengi hulipita: mbwa Zhuchka. Ilyusha, mtoto wa kapteni maskini ambaye Dmitri alimburuta kwa ndevu mbele ya watu, aliangukia mikononi mwa Smerdyakov. Akamfundisha kuficha pini ndani ya tonge la mkate na kumtupia mbwa mwenye njaa. Mbwa akalia, akakimbia, akapotea. Mtoto akaugua kwa majuto, akiamini kwamba Mungu anamwadhibu kwa ajili ya Zhuchka. Mbwa kumbe alikuwa hai, lakini hilo lilijulikana baadaye sana. Mtu aliyedhalilishwa amempata mtoto anayedhalilishwa, na zawadi aliyompa ni pini. Hapo simtetei hata kwa neno moja.

---

Dada amejibu, namnukuu: "Kama kutotakiwa ndiko kulikomharibu, mbona Alyosha naye hakulelewa na baba yake na akawa mwema? Wote walitelekezwa."

Hii ndiyo hoja yako yenye nguvu kuliko zote, na ningependa ungeanza nayo. Nimekaa nayo jana yote.

Ni kweli mzee aliwasahau wote. Dmitri alipofiwa na mama aliishi karibu mwaka katika kibanda cha Grigory. Ivan na Alyosha walipofiwa na wao, wakaishia kibanda kilekile, kwa mtumishi yuleyule. Ukihesabu umri, Ivan na Smerdyakov wamelingana, wote wana kama miaka 24 wakati wa kisa. Kwa hiyo wana wote wanne walipita chini ya paa moja, na kuna miezi ambayo Ivan na Smerdyakov walikuwa watoto wadogo pamoja katika nyumba ile. Kitabu hakisemi lolote juu ya miezi hiyo.

Lakini fuata kilichotokea. Dmitri alikuja kuchukuliwa na jamaa ya mama yake. Ivan na Alyosha walikuja kuchukuliwa na yule mjane wa jenerali aliyemlea mama yao: alishuka, akamzaba mzee makofi mawili, akawakuta watoto wachafu, akamzaba na Grigory, akawafunika blanketi akaondoka nao. Katika wosia akawaachia rubli elfu moja kila mmoja kwa ajili ya masomo, na msimamizi wake, mtu mwema, hakuzigusa, akawalea kwa pesa zake. Ivan akafika chuo kikuu. Kwa wa nne hakuja mtu. Utwana ulifutwa Urusi mwaka 1861, kwa sheria, lakini huyu alibaki kwenye kibanda kile hadi akahamishiwa jikoni.

Kwa hiyo hawakutelekezwa sawa. Watatu kati yao walikuja kuchukuliwa.

Na kuhusu Alyosha, nampenda, lakini mtazame kwa makini. Anakimbia mji mzima kupatanisha watu. Anabeba rubli 200 kumpelekea baba wa Ilyusha. Anang'atwa kidole na mtoto na hakasiriki. Na Smerdyakov? Anamkuta bustanini akimwimbia Marya Kondratyevna, msichana wa jirani, kwa gitaa, dakika chache baada ya kijana huyo kusema kwamba angekubali auliwe tumboni mwa mama yake kuliko kuja duniani alivyokuja. Alyosha amesikia mazungumzo yale. Anamuuliza nini? Kama kaka Dmitri atarudi upesi. Smerdyakov anajibu polepole: nitajuaje habari za Dmitri Fyodorovich, ningekuwa mlinzi wake, sawa. Ni jibu la Kaini, kutoka kinywani mwa mtu ambaye huenda naye ni kaka. Na katika sura inayofuata, Ivan naye anamwambia Alyosha maneno hayohayo: je, mimi ni mlinzi wa kaka yangu Dmitri? Ivan anatabasamu kwa uchungu, anakumbuka kwamba ni Kaini aliyesema. Neno moja limewapitia wawili, na Alyosha, aliyelisikia kwa wote wawili, hakumuuliza yule mpishi ana shida gani. Mtu aliyekuwa mbele yake angeua kesho yake usiku.

Msimulizi pia ni hivyohivyo. Anapofika kwa Smerdyakov mara ya kwanza anaomba radhi kwamba anaona aibu kumchosha msomaji kwa habari za watumishi wa kawaida, anaahirisha. Nadhani Dostoevsky alifanya hivyo kwa makusudi. Sisi wasomaji tunakubali kuahirishwa, tunataka kurudi kwa Dmitri na mapenzi yake. Dada, uchambuzi wako unasema ndugu watatu. Mahakama ilisema watatu. Mimi nasema kitabu kinahesabu wanne na kinangoja tuone.

---

Kwa aliyeuliza: kwa nini alijiua wakati alikuwa amefanikiwa?

Ivan alimwendea mara tatu baada ya mauaji. Mara ya pili anamkuta amevaa miwani, ana daftari la maneno ya Kifaransa, na Ivan anawaka hasira kwamba kiumbe kama huyu naye anavaa miwani. Kwa rubli 3,000 na Kifaransa alikuwa akipanga kuanza maisha Moscow au nje ya nchi, mahali ambapo hakuna anayejua kibanda cha kuogea. Siku hiyo Ivan anampiga ngumi begani, na muuaji huyu baridi anaangua kilio, anafunika uso kwa leso chafu ya miraba ya buluu, anasema ni aibu kumpiga mtu dhaifu. Kwangu hapo kofi la Grigory limerudi, safari hii kutoka kwa mtu pekee aliyekuwa akimheshimu.

Mara ya tatu Kifaransa hakipo tena. Mezani kuna kitabu cha mtakatifu Isaka wa Shamu, ambacho Grigory naye hukisoma. Anavuta pesa kutoka kwenye soksi yake ndefu, anamrudishia Ivan zote, na kuzifunika kwa kitabu hicho. Ivan anauliza: kwa hiyo sasa unamwamini Mungu? Hapana. Basi kwa nini unazirudisha? Acha, haina maana. Anamwambia Ivan kwamba katika wana wote yeye ndiye aliyefanana zaidi na baba. Nadhani amegundua kwamba Ivan anatetemeka, kwamba ile kauli kuu ilikuwa maneno ya mezani tu, na yeye peke yake ndiye aliyeichukua kwa uzito wake wote. Usiku ule akajinyonga.

Barua aliyoiacha inasema anajiua kwa hiari yake na asilaumiwe mtu. Juu ya Dmitri, kimya. Mstari mmoja tu ungemwokoa mtu na miaka 20 ya machimboni. Hakuuandika, na hili nalo liwe kwenye hesabu yake. Wengine wanasema ni ukatili wa mwisho, wengine wanasema hakuona kwamba ana deni kwa mtu yeyote wa nyumba ile. Mimi niko na hao wa kwanza.

---

Swali la mwisho nililoona: je, kweli alikuwa mwana wa Fyodor Pavlovich?

Kitabu kinakataa kuthibitisha. Mji ulimsema mzee, kwa ule usiku alipotamba mbele ya walevi wenzake kwamba hata Lizaveta anaweza kuhesabiwa mwanamke. Grigory alimtetea bwana wake na kumtaja Karp, mfungwa mtoro aliyekuwa akizurura mjini wakati ule. Mzee mwenyewe alikana, ila alikubali mtoto akae na aitwe kwa jina la baba Fyodorovich. Mahakamani Fetyukovich, wakili wa Dmitri, alisema kijana alijiona ni mwana asiye na haki, akiwaonea wivu wenye haki. Kisheria hakuwa na haki ya kopeki moja ya urithi, wakati wale watatu walikuwa na mgawo wao.

Dada, nimemaliza upande wangu. Nina ombi moja kabla hujanijibu: soma upya sura ya gitaa, kisha uniambie, kama ungekuwa Alyosha bustanini pale, baada ya kusikia yale maneno ya kuuliwa tumboni, ungemuuliza habari za Dmitri?